Neno Nililolitia Tiki

Saint Paul, Jumapili alasiri

Kemunto mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Inver Grove Heights kuwaaga watu wa kanisa, na mimi nimebaki nyuma nikisema mgongo unaniuma. Unaniuma kweli, sikukudanganya. Lakini hiyo haikuwa sababu. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika, maana mambo haya nimejaribu kuyasema mara tatu tukiwa ndani ya gari, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitakwambia habari za makoti, wala dawa, wala pasipoti uiweke wapi. Mama yako ameyasema hayo mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Tena unakwenda kusomea udaktari, na mimi ni mtu wa kugeuza wagonjwa kitandani na kuwabadilishia shuka. Nikuelekeze nini? Nitakusimulia tu niliyoyafanya. Nimechoka, mama. Shifti mbili za jana bado ziko miguuni, kwa hiyo nikirukaruka, nivumilie.

Unajua nilikuja huku ukiwa na miaka mitatu. Unajua pia kwamba wewe na mama yako mlinifuata ulipofika miaka kumi. Tangu ukiwa mdogo nimekwambia kwamba ile miaka ilirefuka hivyo kwa sababu ofisi ya uhamiaji ilichanganya karatasi zetu. Umewaeleza hivyo marafiki zako. Mwaka jana uliandika hivyo kwenye insha ya shule, mwalimu akakusifu. Niliisoma insha hiyo nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikairudisha mezani kama nilivyoikuta.

Ofisi haikuchanganya kitu.

Nilipoanza kujaza fomu za kuwaomba mje, nilikuwa nimekaa hapa miaka miwili na nusu. Nilikuwa nikiishi katika chumba cha chini ya ardhi pamoja na Onchiri, mtu wa kwetu Nyamira, ambaye siku hizi yuko Texas. Yeye alikuwa ameshawaleta watu wake, kwa hiyo alizijua hizo fomu. Aliponiona nimezitandaza kitandani akaniambia, "Mwalimu, twende maktaba. Kuna mama pale husaidia watu kuzisoma kabla hawajazituma."

"Onchiri," nikamwambia, "nimefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja. Leo nisomewe fomu?"

"Si kusomewa. Ni kuangaliwa tu."

"Niangaliwe mimi?"

Akainua mikono, akaenda kuoga.

Palikuwa na swali la hali ya ndoa, na chini yake visanduku vya kuchagua. Kimoja kiliandikwa "married". Kingine, chini zaidi, "separated". Nilikaa hapo muda mrefu. Fomu ilionya kila mahali kwamba ukisema uongo utaadhibiwa, na mimi nilitaka kusema ukweli kamili. Mke wangu yuko Nyamira. Mimi niko Saint Paul. Katikati kuna bahari nzima. Nikajiambia: tumetengana, na tunaiomba serikali ituunganishe, ndiyo maana ya fomu yenyewe. Nikaona hilo ndilo neno hasa. Nilifurahi hata, kama mwanafunzi aliyeukwepa mtego wa mtihani. Nikalitia tiki, ile tiki yangu ya mwalimu, yenye mkia mrefu unaopanda mpaka nje ya mstari.

Sikujua kwamba kwa Kiingereza cha maofisini neno hilo lina maana ya ndoa iliyokwisha ikabaki kuzikwa.

Ikapita miezi. Mama yako akaitwa Nairobi kwenye mahojiano ya viza. Alikuvisha gauni la rangi ya machungwa na soksi nyeupe. Bado ninayo picha aliyonitumia. Siku hiyo nilikuwa kazini, nakula mkate wangu kwenye chumba cha wafanyakazi, simu ikalia. Mama yako hakulia, wala hakupaza sauti.

"Baba Kemunto," akasema, "umeniacha lini?"

"Nimekuacha vipi?"

"Afisa amesema wewe mwenyewe umeandika kwamba tumetengana. Ameniuliza kama nilijua. Nimesimama pale mbele ya dirisha na mtoto."

Nikaelewa palepale. Yule mwalimu aliyekuwa ndani yangu alilipata jibu kwa sekunde moja. Ilibaki kusema maneno mawili tu, nimekosea mimi. Mama yako angekasirika, pengine angecheka, na tungeanza kurekebisha siku ile ile.

Nikasema, "Hao watu wamechanganya mafaili. Ni makosa ya ofisi."

"Sawa," akasema. "Kama ni ofisi, sawa."

Ikachukua miaka mitatu zaidi. Walitaka picha, barua ya padri, ushahidi wa majirani, kila kitu cha kuonyesha kwamba ndoa yetu ilikuwa hai. Kule nyumbani habari ilikuwa imeshatembea. Walisema Mwalimu ameoa mzungu. Wajomba zako walikuja kumuuliza mama yako kama arudi kwao na wewe ubaki kwa bibi. Aliwapikia, wakala, akawaambia ni makosa ya ofisi. Alilinda uongo wangu mbele ya ndugu zake. Ningeweza kupiga simu moja nikayamaliza yote. Lakini ningelazimika kusema kwamba mwalimu wa Kiingereza alishindwa kusoma neno moja la Kiingereza, tena wazee wangecheka, na mimi kuchekwa sikukuweza.

Kuna jingine, na hili ni gumu kuliko tiki.

Nilizoea. Hapakuwa na mwanamke mwingine, nakuapia, na mama yako anajua. Ila nilikuwa ninachoka, na mtu aliyechoka hupenda kimya. Mwanzoni nilipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa Jumapili moja moja. Nilirudi kutoka kazini, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala nikiwa nimesimama, na hakuna aliyeniuliza nimeshindaje. Nikaona ni raha. Siku ile nilipopata habari kwamba mmekubaliwa, nilifurahi, nikapiga magoti. Lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kidogo, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Sijawahi kumwambia yeyote hilo.

Pale uwanja wa ndege wewe ulinipa mkono, ukasema, "Hello, sir." Mama yako alikuwa amekufundisha Kiingereza ili baba afurahi. Nimesimulia kisa hicho kwenye sherehe zote, watu wakacheka, nawe pia. Ambacho sijasimulia ni kwamba niliwaacha mlangoni na mabegi, nikasema nakwenda kuchukua gari, na nikakaa ndani ya gari nikilia mpaka mtu wa nyuma akanipigia honi.

Sasa nifike kwa Mzee Zygmunt. Unamfahamu, maana ndiye aliyekutia wazo la kusomea Lublin, mji wa kwao, Jumamosi zile ulipokuja nami nyumbani kwake kule mtaa wa Northeast ukafanya homuweki kwenye meza yake. Alikuwa na zaidi ya miaka tisini na alizaliwa Poland. Mimi nilikuwa nikienda asubuhi kumwogesha, kumvisha na kumpa chai. Wewe ulikuwa na vile visikilizio vyako masikioni, kwa hiyo tuliyozungumza hukuyasikia.

Kadiri alivyozidi kudhoofika, Kiingereza chake kilimtoka kipande kipande, na Kipolandi kikabaki. Ikabidi nijifunze, angalau nimuulize kama maji ni ya moto. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni. Alipenda kunisahihisha. Nikitamka vibaya hugonga ukingo wa beseni la kuogea na kusema, "Nie!" yaani hapana. Mwanangu, tangu nitoke darasani sikuwahi kuwa na asubuhi nzuri kama zile.

Siku moja nikamuuliza wanasemaje nimekumiss. Akanipa "tęsknię". Hilo "miss" la Kiingereza lilimchekesha: unamkosa mtu kwa neno lile lile la kuachwa na basi. Kisha akanipangia maneno mengine kama mtu anayepanga vikombe. "Rozstanie" ni ile saa ya kuagana, mnapoachiana mikono. "Rozłąka" ni muda wote unaofuata, watu wanaopendana wakiwa hawako pamoja na wangetaka kuwa pamoja. "Separacja" ni ya hakimu na wanandoa waliochokana. Na "odległość" ni umbali wa kwenye ramani tu, haumhusu mtu. Mimi nikagundua kwamba ile "roz" yao inafanya kazi kama mwisho wa vitenzi vyetu: funga, fungua, kunja, kunjua. Kitu kilichokuwa kimeungana, kikaachanishwa. Nilipomweleza alifurahi kama mtoto. Kuanzia siku hiyo nikimfunga vifungo vya shati alikuwa akisema, "Funga." Jioni mwenzangu wa zamu akimvua, aliambiwa, "Fungua," asijue ni lugha gani.

Basi nikamsimulia habari ya fomu. Yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kuisikia. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Akasema kwa kile Kiingereza kilichobaki, "Kwetu usingeweza kukosea. Separacja, rozłąka. Maneno mawili! Wewe ulikuwa kwenye rozłąka, Mwalimu."

Nilitoka pale mwepesi. Wiki nzima niliendesha gari nikitabasamu. Kumbe Kiingereza ndicho maskini, hakina neno langu, basi mimi nina kosa gani? Nilianza hata kupanga jinsi ya kumwambia mama yako, iwe kama kichekesho kuhusu lugha za watu.

Wiki iliyofuata Mzee aliirudia habari ile mwenyewe. Alikuwa ndani ya beseni na maji yalikuwa yanapoa, lakini hakutaka kutoka. Akaniambia kwamba baada ya vita alimwacha mke wake, Hanna, na mtoto mchanga kule Poland, akaja huku akidhani ni kwa miezi michache. Mipaka ikafungwa. Miaka mingi hakuna aliyeweza kuvuka. "Hiyo ilikuwa rozłąka," akasema. "Nililia kila wiki." Kisha siku moja Hanna akaandika kwamba wamepata ruhusa, watakuja masika.

"Nikamjibu asubiri," Mzee akasema.

"Asubiri nini?"

"Nilikuwa naishi chumba kimoja. Nilikuwa nimezeeka. Nilikuwa nimezoea."

Alilisema lile neno langu, ambalo sikuwa nimemwambia.

"Akasubiri?"

"Alisubiri. Halafu akaacha kuandika. Mtoto alikua huko. Alikufa kabla sijamwona."

Nikamuuliza hilo linaitwaje kwa Kipolandi. Nilifikiri yule mwalimu wangu atanipa neno la tano. Aliyatazama maji.

"Hilo halina neno," akasema. "Hilo ni mimi."

Nikamtoa, nikamfuta maji, nikamvisha. Siku hiyo hakusema funga. Mimi naye tukawa kama watu waliogongana njiani, kila mmoja akitafuta pa kutazama.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anapiga pasi sare yake ya hospitali. Sikuvua hata koti.

"Mama Kemunto, ile fomu. Kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyetia tiki."

Akaendelea kupiga pasi. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Nairobi. Yule afisa aliigeuza karatasi nikaiona. Nimeolewa na wewe nikikuona unasahihisha madaftari kila jioni. Tiki yako nisiijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza siku ile ile. Ukasema ni ofisi." Akaisimamisha pasi. "Nikasema basi, nitangoja aseme mwenyewe. Sikujua ni miaka tisa."

Akaniambia kwamba lile neno halikumuuma sana, mtu yeyote angeweza kulikosea. Kilichomuuma ni kuwaapia kaka zake uongo akijua ni uongo, huku mimi nikidhani nimemficha.

Huo ndio ule msimu wa baridi mama yako alipohamia chumbani kwako, akakwambia nakoroma. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Jioni moja mezani ukaweka uma chini, ukauliza, "Are you guys separated?" Sisi wote wawili tukatazama sahani. Ulidhani tunakuficha, na kweli tulikuficha. Ukasema unahitaji umbali kutoka kwetu, ukaondoka na visikilizio vyako, na chakula chako kikapoa. Nilikaa pale nikifikiri kwamba mtoto wangu amelitumia lile neno sawasawa, jinsi mimi nilivyoshindwa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mama yako alirudi chumbani akiwa na mto wake mkononi. Hakutoa hotuba. Mimi sikuuliza. Tangu hapo nikileta kisingizio chochote, hata cha kuchelewa kununua maziwa, hunitazama na kuuliza, "Ni ofisi tena?" Umemsikia mara nyingi ukadhani ni mzaha wa wazee.

Ningependa hadithi iishie hapo, baba amejifunza, amebadilika. Haiishii hapo.

Mwezi wa saba ile bahasha ya chuo cha Lublin ilipotakiwa kufika, yenye karatasi za kutia saini, uliuliza kila siku. Uliwapigia simu. Jioni moja nilikusikia ukilia bafuni huku umefungua maji. Nami nikasema nyuma ya mlango, "Posta ya siku hizi, mama, usiivunjikie moyo."

Bahasha ilikuwa kwenye gari langu, chini ya kiti. Niliitoa kwenye sanduku la barua mwenyewe na nikakaa nayo siku tisa.

Sitakwambia kwamba Mzee alikuwa amekufa mwezi wa tano na sikuwa na wa kuongea naye, ingawa ni kweli. Nilijua ninachofanya. Nilihesabu kwamba ukichelewa, utasoma hapa. Utapanda treni ya Green Line asubuhi, jioni utarudi ule nyumbani. Nimekaa na wewe miaka minane, Kemunto, na ilikuwa bado kidogo nianze kuamini kwamba wewe ni wangu. Nilitaka ile miaka saba ya mwanzo irudi. Niliona nina haki.

Siku ya kumi nikaileta, nikasema imefika leo. Ukanikumbatia. Ukasema, "Thank you, Dad," kana kwamba mimi ndiye niliyeibeba kutoka Poland. Kumbe ulikuwa umeshawaomba wakutumie nakala kwa kompyuta, na nafasi yako ilikuwa salama. Hukunihitaji. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninaona haya.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako akiwa anakunja nguo zako. Hakuinua kichwa.

"Ni ofisi tena, Baba Kemunto?"

"Hapana. Ni mimi."

"Basi mwambie. Mtoto asiondoke na uongo wa pili."

Hayo ndiyo niliyonayo. Ukitaka ushauri ni mdogo. Utachoka huko, kuliko unavyodhani. Uchovu utakwambia usipokee simu leo, utapokea kesho, na hautakuwa ukikudanganya, utahitaji kweli kulala. Lala. Ila kesho yake tuambie kwamba ulikuwa umechoka, usituambie simu iliharibika. Na utazoea kuishi bila sisi. Hiyo si dhambi. Ukizoea, niambie umezoea. Nitaumia siku mbili, kisha nitakwenda kazini. Mimi sikumwambia mama yako, na huko kunyamaza ndiko kulikotuweka mbali, zaidi ya bahari.

Danuta, yule mpwa wa Mzee, atakuja kukupokea stesheni. Mzee alimwambia habari zako. Ukiwa mpweke mbele yake usihangaike na Kiingereza. Sema "tęsknię" tu, ataelewa, atakuwekea chai. Usiku huo huo ukitupigia, sema kwa lugha yoyote. Unavyonijibu Kiingereza ninapokusemesha Kiswahili, nimekugombeza miaka yote kwa jambo hilo, na leo sijui nilikuwa ninapigania nini. Nakuelewa. Nimekuwa nikikuelewa siku zote.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii ndani ya sanduku lako, kati ya sweta, uikute ukishafika, mimi nikiwa huku ambako huwezi kuniuliza kitu ukaniona uso. Nimeandika kurasa hizi zote nikiamini kwamba ndivyo nitakavyofanya, na sasa hivi tu nimejiona. Gari la mama yako limeingia, nasikia mnacheka na mlango unafungwa. Nitakupa mkononi kabla hujavua viatu. Kisha nitakaa hapa hapa mezani, sitatoka, mpaka usome ukurasa wa mwisho, na ukitaka kunifokea, unifokee nikiwa karibu.

Baba yako